Kutoka Mpira hadi Kobalti: Historia Fupi ya Gharama ya Gari katika Ardhi ya Kongo

Utangulizi

Neno motokari, ambalo wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hulitumia wanapotaja gari, asili yake ni Kiingereza. Hata hivyo, sikio la Mswahili husikia ndani yake neno la zamani zaidi, yaani moto. Usikivu huo si wa bure. Kwa zaidi ya miaka mia moja gari limekuwa kweli chombo cha moto: mafuta huingia katika injini, huwaka, hulisukuma gari mbele, na moshi hutoka nyuma. Aliyeona moshi alijua kwamba kuna kitu kinachoteketea.

Siku hizi yapo magari yasiyowasha moto. Hutembea kwa umeme uliohifadhiwa katika betri, wala hayatoi moshi njiani. Watetezi wake husema kwamba ni magari safi. Wapinzani wao hujibu kwamba usafi huo ni wa macho tu, kwa kuwa betri hudai kobalti na shaba, na madini hayo huacha mashimo, tindikali na vumbi katika nchi za watu wengine. Mara nyingi nchi inayotajwa katika mabishano hayo ni yetu, na mara nyingi hatumo miongoni mwa wanaobishana.

Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo mawili kwa mizani ya historia. Tunashikilia kwamba hakuna gari lililowahi kuwa safi tangu gari lilipozuliwa. Kila gari lina shimo lake mahali fulani. Kwa hiyo swali lenye maana si kama gari la umeme lina uchafu. Swali ni uchafu huo una ukubwa gani ukilinganishwa na ule wa petroli, unamwangukia nani, na kama unaweza kuondolewa.

1. Gari la umeme si jambo jipya

Watu wengi hudhani kwamba gari la umeme ni mtoto wa karne ya 21. Sivyo. Mwaka wa 1897 teksi za umeme zilikwisha kuanza kubeba abiria katika miji ya London na New York. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari lililoitwa La Jamais Contente, akapita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hakuna dereva aliyewahi kuufikia mwendo huo kabla yake, na gari lake lilikuwa la umeme. Wakati ule gari la umeme, la mvuke na la petroli yalikuwa yakishindana, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika lipi litashinda.

Petroli ilishinda kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka wa 1901 kisima kikubwa cha Spindletop kilifunguka huko Texas, na mafuta yakawa mengi na ya bei nafuu. Mwaka wa 1908 Henry Ford alitoa gari la aina ya T, ambalo watu wa kipato cha kati waliweza kulinunua. Mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa mota ndogo ya umeme, na dereva akaondokewa na adha ya kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini. Betri za risasi za siku zile zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Hivyo gari la umeme likasahaulika. Kushindwa kwake kulitokana na bei na uzito. Uchafuzi wa hewa haukuwa na nafasi kubwa katika hesabu ya mtu yeyote.

2. Malipo ya kwanza: mpira na shaba

Msomaji asidhani kwamba Kongo imeingia katika historia ya gari kwa mlango wa kobalti. Iliingia mapema zaidi, kwa mlango wa mpira. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la hewa kwa ajili ya baiskeli, na mwaka wa 1895 ndugu wa Michelin walilijaribu tairi la namna hiyo katika mashindano ya magari kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Gari la Jenatzy nalo lilivaa matairi ya Michelin. Mahitaji ya mpira yakapanda ghafula, na katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kukusanya utomvu wa mipira ya mwituni. Asiyetimiza kiasi alichopangiwa alichapwa, alitekwa mkewe, au aliuawa. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilikamilika mwaka wa 1898, na mpira ukapita hapo kuelekea melini na hatimaye Antwerp. Biashara hiyo ilidhoofika wakati mashamba ya mpira ya Asia yalipoanza kutoa mavuno mengi. Wanunuzi walihama. Waliobaki na makovu hawakuwa na mahali pa kuhamia.

Shaba ilikuja baada ya mpira, ingawa katika Katanga shaba ni ya kale kuliko ukoloni. Misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, inashuhudia kwamba wahenga waliyeyusha madini hayo na kuyatumia kama mali karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Katika karne ya 19 shaba ya Katanga ilikuwa moja ya nguzo za utawala wa Msiri huko Bunkeya. Kiswahili chenyewe kilifika sehemu hizi kwa njia hizohizo za biashara, kisha kikakomaa katika makambi ya wafanyakazi wa migodi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na mwaka uliofuata mtaalamu wa miamba Jules Cornet alipita akiandika habari za utajiri ulioko ardhini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 tanuri la kwanza likaanza kutoa shaba kwa makaa yaliyotoka Wankie.

Tunayataja haya kwa sababu gari la petroli pia ni gari la shaba. Nyaya zake, mota ya kuwashia, jenereta yake, vyote vinadai shaba. Mlima mweusi wa takataka za tanuri unaosimama kando ya Lubumbashi ulirundikwa kwa sehemu kubwa wakati dunia nzima ilipoendesha magari ya petroli. Moshi wa salfa wa tanuri hilo uliuchoma uoto ulio upande unakoelekea upepo na kuzika metali katika udongo, hata sehemu kama Penga Penga zikabaki tupu. Hakuna aliyeuita uchafu huo uchafu wa petroli, lakini ulikuwa sehemu ya gharama ya maisha ya kisasa ambayo petroli iliyaendesha.

3. Hesabu ya petroli

Tuitazame sasa hesabu ya petroli yenyewe. Lita 1 ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Tuchukue gari linalotumia lita 8 kwa kila kilomita 100, nalo litembee kilomita 150,000 katika maisha yake. Litakuwa limekunywa lita 12,000, yaani karibu tani 9 za mafuta, na kutoa zaidi ya tani 27 za hewa ukaa. Hapo hatujahesabu mafuta yaliyotumika kuchimba, kusafirisha na kusafisha petroli hiyo. Tani hizo 9 haziokotwi tena. Zimeteketea.

Mbali na hewa ukaa, petroli ina historia yake ya sumu. Mwaka wa 1921 Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga. Madhara ya risasi katika mwili wa binadamu yalijulikana tangu kale, lakini mchanganyiko huo uliuzwa duniani kote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka wa 2001 kuuacha, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha kuuza petroli ya magari yenye risasi mwaka wa 2021. Kwa karne nzima, basi, watoto wa mijini walivuta risasi ili injini isigonge.

Mafuta nayo yana mashimo yake. Huko Nigeria, visima vya kwanza vya biashara vilipatikana Oloibiri mwaka wa 1956. Mwandishi Ken Saro-Wiwa, aliyepigania ardhi ya Waogoni iliyoharibiwa na mafuta yaliyomwagika, alinyongwa pamoja na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichunguza ardhi hiyo na kutangaza mwaka wa 2011 kwamba kuirudisha katika hali njema kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Anayeitaja Kolwezi ili kuitetea petroli hana budi kuitaja Ogoni pia.

4. Safari ya kobalti

Jina la kobalti lina historia inayostahili kujulikana na wanafunzi wa lugha. Limetoka katika neno la Kijerumani kobold, ambalo ni jina la pepo wa mashimoni. Wachimbaji wa Ulaya ya kati waliokuwa wakitafuta fedha walikutana na mawe yaliyofanana na madini ya thamani, lakini mawe hayo yalipochomwa yalitoa moshi wa aseniki uliowadhuru. Wakasema pepo amewaibia fedha na kuwaachia sumu. Mswidi Georg Brandt alipoitenga metali mpya kutoka katika mawe hayo katika miaka ya 1730, jina la pepo likabaki. Malalamiko ya wachimbaji, basi, yamo ndani ya jina lenyewe la madini.

Katika Katanga kobalti hukaa pamoja na shaba, na Union Minière ilianza kuizalisha katika miaka ya 1920. Ilitumika katika sumaku, katika vyuma vinavyovumilia joto la injini za ndege, na katika rangi. Hata viwanda vya kusafisha mafuta huitumia ili kuondoa salfa katika petroli na mazuti. Kwa hiyo gari la petroli nalo halikuwahi kuepukana na kobalti kabisa. Baada ya kutaifishwa mwaka wa 1967, migodi hiyo ikawa mali ya kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines.

Mwaka wa 1978 vita viliingia Kolwezi. Bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi. Watengenezaji wa sumaku, kwa kuogopa kuishiwa, walihamia aina za sumaku zisizohitaji kobalti, na wengi wao hawakurudi. Tukio hilo tutalirejea mbele.

Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka wa 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Maelfu ya familia zilizozoea mshahara, hospitali na shule za kampuni zilibaki bila chochote. Katika ombwe hilo ndimo walimozaliwa wachimbaji wa mikono wa leo. Walishuka mashimoni kwa sababu kazi za juu ya ardhi zilikuwa zimekwisha.

Wakati huohuo, mbali na hapa, betri mpya ilikuwa ikikua. Stanley Whittingham aliianza kazi hiyo katika miaka ya 1970 akiwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Exxon, katika miaka ambayo dunia iliogopa upungufu wa petroli. Mwaka wa 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walitumia oksidi ya lithi na kobalti. Akira Yoshino wa Japani akaikamilisha mwaka wa 1985, na kampuni ya Sony ikaiuza mwaka wa 1991. Wataalamu hao watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Betri hiyo ilianza katika kamera na simu, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 ikaingia katika magari. Leo takriban robo tatu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Gharama yake imeandikwa katika miili ya watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Leuven, walionyesha mwaka wa 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Mwaka wa 2018 walionyesha hali hiyo katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka wa 2014 na watu wakachimba katika viwanja vyao wenyewe. Watoto ndio waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi. Upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia, bwawa la takataka za mgodi wa shaba lilivunjika tarehe 18 Februari 2025, na tindikali ikaingia katika maji yanayoelekea mto Kafue.

5. Mizani

Baada ya kuzitazama pande zote mbili, tunaweza kuzipima. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, gari la umeme hudai takriban kilo 200 za madini mbalimbali, mbali na chuma na alumini, ilhali gari la petroli hudai zipatazo 34. Shaba peke yake ni zaidi ya kilo 50 dhidi ya kilo zipatazo 22. Kutengeneza gari la umeme hutoa hewa ukaa nyingi zaidi kuliko kutengeneza la petroli, hasa kwa sababu ya betri. Wapinzani wa gari la umeme husema kweli wanapoyataja hayo.

Lakini hawaimalizi hesabu. Gari la umeme huanza safari likiwa na deni, kisha hulilipa barabarani. Mota yake hugeuza sehemu kubwa ya umeme wa betri kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza kwa joto zaidi ya theluthi mbili za nguvu ya mafuta. Umeme ukitoka katika maporomoko ya maji, deni hulipwa mapema. Ukitoka katika makaa ya mawe, hulipwa polepole sana. Kisha kuna tofauti ambayo kwetu ndiyo kubwa kuliko zote: petroli huteketea, madini hubaki. Betri ikichakaa, kobalti na shaba yake bado zimo, na zinaweza kutolewa na kutumiwa tena.

Tofauti nyingine ni ya mahali. Moshi wa petroli huenea angani na kumfikia kila mtu, hata asiyemiliki gari. Uchafu wa betri hukusanyika pale madini yanapochimbwa na kusafishwa. Kwa dunia nzima badiliko hilo ni nafuu. Kwa mtaa wa Kasulo ni mzigo. Mwenye kusema kwamba gari la umeme ni safi anahesabu hewa ya mji wake na kuusahau udongo wa mji wetu. Naye mwenye kuitumia Kasulo ili aendelee kuchoma petroli hamsaidii mtoto wa Kasulo kwa lolote, maana mtoto huyo naye huathiriwa na mvua zilizovurugika. Uchafu uliokusanyika mahali pamoja, hata hivyo, una sifa moja njema: unaweza kuonekana, kupimwa, kukatazwa na sheria na kusafishwa. Hewa ukaa iliyokwisha kutawanyika angani ni vigumu mno kuirudisha.

Tusisahau pia kwamba karibu umeme wote wa nchi yetu hutoka katika maji: Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke hapa Katanga, na Inga kwenye mto Kongo, ambako waya wa kilomita 1,700 hivi ulivutwa hadi Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Gari la umeme lingetembea Lubumbashi kwa usafi ambao miji mingi ya Ulaya haina. Lakini ni takriban mtu 1 tu kati ya 5 nchini mwenye umeme, na wake wa wachimbaji wa kobalti hupika kwa makala yanayotokana na miti ya miombo. Penye miti, walisema wahenga, hapana wajenzi.

Hitimisho

Historia tuliyoifuata inatufundisha jambo ambalo hesabu za kilo na lita haziwezi kulionyesha peke yake. Mpira ulipopatikana Asia, mnunuzi alihama. Kobalti ilipopanda bei mwaka wa 1978, mnunuzi alihama. Mwaka wa 2018 bei ilipita dola 90,000 kwa tani, na watengenezaji wa betri wakazidi kukimbilia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe. Kufikia 2024 aina hiyo ilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa chini ya dola 25,000. Serikali ikasimamisha uuzaji wa kobalti nje mnamo Februari mwaka huo, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango maalumu. Hatua hiyo inaeleweka, lakini ina hatari ileile ya 1978: bei kubwa humfundisha mnunuzi njia nyingine.

Kwa hiyo muda tulio nao si mrefu. Kobalti iliyokwisha kutoka itakaa katika betri za nchi nyingine, na nchi hizo zitaichimba tena kutoka katika magari yao mabovu bila kutuhitaji. Kitakachobaki kwetu ni mashimo, maji na udongo. Masharti ya kuyasafisha, ya kuwalinda wanaochimba kwa mikono, na ya kuusambaza umeme wa maporomoko yetu kwa wananchi yanapaswa kuwekwa sasa, wakati mnunuzi bado anabisha hodi. Akishaondoka, hakuna atakayerudi kutuuliza gharama ilikuwa kiasi gani.

Wanaisimu wana sehemu yao katika kazi hiyo. Wenye mashimo ya Kasulo hawawezi kudai haki juu ya jambo wasilo na maneno ya kulitaja. Tukikipatia Kiswahili msamiati imara wa tindikali, vumbi, vipimo vya maji na mikataba, mwenye shamba karibu na mgodi ataweza kuisoma karatasi anayopewa kutia sahihi, na kuikataa ikiwa haimfai.